Bei ya Kazi Isiyohesabiwa: Ukarabati wa Vyombo katika Pwani ya Moa

Mvuvi wa Moa anayetaka mashua na hana uwezo wa kuundisha mpya ana njia mbili. Anaweza kununua chombo kilichokwisha pita mikononi mwa fundi, mbao zilizooza zimebadilishwa, kalafati imetiwa upya, rangi inang'aa, akalipa bei anayoitaka muuzaji. Au anaweza kununua gofu la chombo lililolala topeni kando ya mikoko, akalipa kidogo, kisha akalitengeneza mwenyewe kwa msaada wa ndugu na mabaharia wake. Ni uamuzi wa kawaida katika ghuba hii ya wilaya ya Mkinga, kaskazini mwa Tanga, karibu na Jasini na mpaka unaoitenga na Vanga ya Kenya. Hesabu inayofanywa mara nyingi ni nyepesi: chukua bei ya chombo kilichokarabatiwa, toa bei ya gofu, toa bei ya mbao, misumari na pamba, na kinachobaki kiite faida ya fundi. Kwa hesabu hiyo anayenunua kilicho tayari huonekana mjinga, na anayejitengenezea huonekana mjanja.

Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo imerithiwa kutoka wakati ambao vitu vitatu, yaani nguvu ya watu, miti na muda, vilikuwepo bila mwenye chombo kuvitolea fedha taslimu. Katika karne mbili zilizopita kila kimoja kimepata bei yake, kwa sababu za kihistoria zinazojulikana, lakini desturi ya kuviacha nje ya hesabu imebaki. Kwa hiyo pengo baina ya bei ya fundi na gharama ya kujitengenezea si faida tupu ya mtu mmoja. Sehemu kubwa yake ni malipo ya vitu ambavyo anayejitengenezea naye anavilipa, ila kwa mfuko mwingine na kwa siku nyingine.

Tuanze mbali. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katikati ya karne ya kwanza, kinaitaja pwani yetu na mji wa Rhapta, na kinasema watu wake walitumia vyombo vya kushonwa. Ufundi huo ulidumu katika mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ambacho kiliendelea kuonekana hasa upande wa Lamu mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtepe unatufundisha jambo la msingi kuhusu ukarabati. Kamba ya kumbi huoza, kwa hiyo chombo cha kushonwa hakikuwa na siku ya kumalizika: kilishonwa, kikasafiri, kikafumuliwa, kikashonwa tena. Hapakuwa na mpaka ulio wazi kati ya kuunda na kukarabati, na aliyekuwa na mtepe alihitaji watu wa kukaa nao mwaka hata mwaka, wa kusokota, kushona na kuziba. Gharama kubwa ya chombo haikuwa siku ya kukinunua. Ilikuwa katika kukiweka hai, na gharama hiyo ililipwa kwa chakula, kwa udugu na kwa utii, mara chache kwa sarafu.

Vyombo vya misumari, yaani majahazi, mashua na madau yaliyochukua nafasi ya mtepe, vilibadilisha kazi bila kuiondoa. Msumari hushika miaka mingi kuliko kamba, lakini mbao hupenda kufunguka, na chini ya maji kuna mdudu anayezitoboa kimyakimya mpaka zibaki maganda. Ndiyo maana pwani nzima ilikuwa na utaratibu mmoja. Chombo hupwelezwa wakati wa bamvua, maji yanapopwa sana, kikaegemezwa kwa magogo; ubavu husuguliwa, huchomwa kwa moto wa makuti ili kuua wadudu na kukausha unyevu; pamba iliyolowekwa mafuta hupigwa katika maungio kwa patasi butu; sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu inayotangulia chombo bandarini. Kazi hii ilikuwa ya mabaharia. Kazi ya fundi ilikuwa nyingine: kubadilisha taruma (mti wa ubavu unaoshika mbao za chombo) lililovunjika, kuchonga ubao mpya kwa tezo ukae sawa na mwenzake, kunyoosha mkuku (mti mkuu wa chini ya chombo) uliopinda. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait lililokuja Afrika Mashariki mwaka 1938 na 1939 na kuchukua boriti za Rufiji, alieleza mabaharia waliofanya kazi za namna hiyo kwa mikono yao, huku ujira wao ukiwa ni fungu la mapato ya safari nzima. Hawakulipwa kwa siku ya kupaka deheni. Siku hiyo ilikuwa imemezwa na fungu.

Hapo ndipo penye siri ya ukarabati wa bei nafuu. Tajiri wa chombo aliyejitengenezea hakuwa mtu mmoja mwenye nyundo. Alikuwa mtu mwenye watu. Na tukiuliza watu hao walikuwa akina nani, historia ya pwani ya Tanga na Pangani inatujibu jibu lisilopendeza. Katika karne ya 19 wengi wa waliofanya kazi vyomboni, mabaharia, wapagazi na hata mafundi, walikuwa watumwa, wengine wakiachwa wajitafutie kazi kwa sharti la kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Wajerumani waliposhika pwani hawakuufuta utumwa mara moja. Amri yao ilitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na utumwa ulikomeshwa kisheria Tanganyika chini ya Waingereza mwaka 1922. Anayetamani zama ambazo chombo kilitengenezwa bila kulipa mtu hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya kazi hiyo ya bure ilikuwa bure kwa bwana peke yake. Aliyepiga kalafati aliilipa kwa maisha yake.

Wakati huohuo nguvu ya watu ilianza kupata bei ya sokoni. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea nyuma ya pwani yote, na mwaka huohuo wa 1893 kazi ya reli ilianza Tanga. Shamba na reli vilihitaji vibarua na vililipa kwa siku. Ujira ulikuwa mdogo na masharti yake mara nyingi ya shuruti, lakini kijana wa pwani sasa aliweza kulinganisha: siku ya kusugua ubavu wa jahazi la tajiri ilikuwa siku aliyoacha kupata fedha kwingine. Hata mwenye chombo chake mwenyewe hakukwepa hesabu hiyo. Wiki tatu za kupigilia mbao ni wiki tatu za kutokwenda baharini, na samaki wasiovuliwa katika wiki hizo ni gharama, ingawa hakuna anayeziandika daftarini.

Miti ilifuata mkondo uleule. Pwani ya Moa imejaliwa mikoko ya aina nyingi, na wenyeji wamejua tangu zamani kazi ya kila aina: mkoko wa kawaida kwa boriti za nyumba, mkandaa kwa fito na kwa ganda la kutia nyavu rangi, mlilana kwa mataruma, kwa kuwa matawi yake hukua yakiwa yamepinda tayari kama ubavu wa chombo. Mbao ndefu, hasa za mvule, zilitoka bara, na misitu ya Usambara Mashariki haiko mbali. Katika kizazi kimoja au viwili vya nyuma, mtu mwenye shoka na hori aliyeingia mikokoni alirudi na taruma ambalo gharama yake ilikuwa jasho lake tu. Leo mikoko ni hifadhi ya serikali na hukatwa kwa kibali, na sehemu kubwa ya misitu ya Usambara Mashariki imo katika hifadhi, Amani ikiwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Sina ugomvi na ulinzi huo. Mikoko iliyofyekwa haizalishi samaki wala haizuii pwani kuliwa na mawimbi. Ila matokeo yake kwa hesabu yetu ni dhahiri. Taruma sasa lina bei, lina karatasi na lina safari ya kulifuata. Fundi anayenunua mbao kwa ajili ya vyombo vingi huugawanya usumbufu huo juu ya kazi nyingi. Mtu wa chombo kimoja huubeba wote peke yake, na hubaki na vipande visivyomfaa.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunikumbusha miaka ya uhaba. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na mpaka huo haukufunguliwa tena mpaka 1983. Kwa Moa, ambayo Vanga na Mombasa zilikuwa jirani zake zaidi kwa njia ya bahari kuliko miji mingi ya nchi yake yenyewe, hilo halikuwa jambo dogo, na miaka hiyohiyo misumari, rangi na nguo za matanga vilikuwa adimu katika maduka ya nchi nzima. Watu hawakuacha kuvua. Walinyoosha misumari ya zamani, walishona magunia, waliziba kwa walichopata. Je, si ushahidi kwamba pwani inaweza kujitengenezea? Ni ushahidi, lakini wa jambo jingine. Unaonyesha kwamba mtu hujitengenezea pale ambapo hakuna cha kununua, na kwamba wakati huo muda wake hauna soko lingine. Hauonyeshi kwamba kujitengenezea ni nafuu pale ambapo cha kununua kipo. Tukiyachanganya mambo haya mawili tunageuza ustahimilivu wa wazee kuwa kanuni ya uchumi, na wao wenyewe, fundi na misumari mipya vilipopatikana, hawakuona haya kuvilipia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu uaminifu. Rangi huficha. Ubao uliooza unaweza kujazwa, ukapigwa msasa na kupakwa mikono miwili ya rangi ya buluu, na mnunuzi akaujua ukweli siku ya kwanza ya kusi. Anayejitengenezea, husemwa, angalau anajua kilichomo ndani. Pwani hii ililijua tatizo hilo zamani na ilikuwa na sheria yake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani, mnunuzi anayegundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo ana haki ya kukirudisha kitu, mradi asichelewe baada ya kuijua. Kauli yenye nguvu katika Minhaj cha Imam Nawawi, kitabu kilichotegemewa na makadhi wa Afrika Mashariki, ni kwamba muuzaji hawezi kujivua dhamana kwa kusema tu kwamba anauza kitu na kasoro zake. Msamaha wa namna hiyo humfaa katika kasoro ya ndani ya mnyama, ambayo naye hakuijua. Jahazi si mnyama. Aliyeliuza huku akijua kwamba taruma lake limekufa hakuweza kunawa mikono.

Sheria hiyo inatuambia kitu kuhusu bei. Chombo kilichokarabatiwa na kuuzwa na mtu anayejulikana, mbele ya mashahidi, katika mji ambao kadhi anaweza kuitwa, kilikuwa kinauzwa pamoja na dhamana. Mnunuzi alilipia mbao, alilipia kazi, na alilipia pia haki ya kurudi mlangoni kwa fundi. Aliyenunua gofu na kulitengeneza mwenyewe hakuwa na wa kumrudia; kosa la kalafati lilikuwa kosa lake, na bahari ilimhukumu bila rufaa. Ninakubali kwamba leo dhamana hiyo imelegea. Muuzaji anaweza kutoka Pemba au Mombasa, akapokea fedha kwa simu, na asionekane tena. Lakini kilichopotea hapo ni dhamana iliyokuwa ndani ya bei, na mnunuzi ana haki ya kuidai au kudai apunguziwe kwa kuikosa. Hilo ni tofauti na kusema kwamba bei yote ilikuwa ulaghai.

Limebaki pingamizi ambalo naliona kuwa la haki kuliko yote. Wanasema: kama kila mtu atanunua kilicho tayari, nani atajua kutengeneza? Mvulana aliyeshika ndoo ya deheni akiwa na miaka kumi ndiye aliyekuja kuwa nahodha aliyeweza kuziba tundu katikati ya mkondo wa Pemba. Mafunzo hayo hayakuwa na ada wala cheti, na thamani yake haiwezi kuandikwa kwenye risiti. Kweli. Lakini tuangalie mafunzo hayo yalifanyikaje. Mvulana hakujifunza peke yake juu ya gofu. Alijifunza katika kundi, chini ya macho ya mtu aliyekwisha kosea na kurekebisha mara nyingi, na kazi aliyopewa ilikuwa ile ambayo kosa lake lingeonekana na kufutwa: kusugua, kupaka, kukandika. Hakuachiwa mkuku. Desturi ya pwani ilikuwa imeigawa kazi kwa busara, na mgawanyo huo ndio unaosahaulika na wanaohubiri kujitegemea. Ya juu, ya mara kwa mara na ya kuonekana yalikuwa ya mwenye chombo na watu wake. Ya ndani, ya mara moja kwa miaka mingi na ya kufichika yalikuwa ya fundi.

Kwa kipimo hicho tunaweza hata kuyatazama mabadiliko ya karibuni bila hofu wala ushabiki. Boti za faiba zimeingia pwani, na katika miaka ya 2020 serikali imekuwa ikizikopesha kwa wavuvi. Wengi wanadhani faiba imelimaliza swali letu, kwa kuwa hailiwi na mdudu wala haihitaji pamba. Haikulimaliza, ililihamisha. Faiba nayo hupasuka, maji huingia katikati ya matabaka yake, na kiraka kinachobandikwa juu ya sehemu yenye unyevu huonekana kizuri kwa msimu mmoja kisha hubanduka. Kasoro yake hujificha zaidi kuliko ya ubao, maana ubao uliooza huitikia ukigongwa na hata mtoto wa pwani anaijua sauti yake. Tena mgawanyo wa kale umeparaganyika: zile kazi ndogo za kila bamvua, zilizompa mwenye chombo nafasi ya kukikagua chote kwa mikono yake, zimepungua, na kazi inayobaki inahitaji gundi za kemikali ambazo lazima zinunuliwe. Boti ya faiba iliyotumika na kupakwa upya ndiyo bidhaa ambayo mnunuzi wa Moa ana sababu kubwa zaidi ya kuilipia dhamana, na ndiyo ambayo hupewa dhamana kidogo kuliko zote.

Nini basi kinafuata kwa mtu aliyesimama pwani akiwa na fedha zake na machaguo mawili? Historia haimwambii anunue kilicho tayari kila mara. Mtu mwenye mabaharia wanaokula fungu, mwenye miezi ya kusi ambayo hangekwenda baharini hata hivyo, na mwenye fundi jirani wa kumwita kwa taruma na mkuku, bado anaweza kulinunua gofu na kupata faida ya kweli, kwa sababu kwake nguvu na muda havina soko lingine katika miezi hiyo. Asiye na hayo, aliyeajiriwa Tanga mjini au anayemtegemea kijana mmoja wa kumlipa kwa siku, atalipa bei ya fundi kwa jina jingine, na pengine mara mbili. Wote wawili wafanye hesabu yenye mistari mitano ya gharama badala ya miwili: gofu, vifaa, siku za watu, siku ambazo chombo hakitavua, na kosa ambalo hakuna wa kulirudishia. Na anayeamua kununua kilichokarabatiwa afanye kile ambacho sheria ya wazee ilimruhusu, adai kukiona chombo kimepwelezwa, mbao zikiwa wazi, kabla ya rangi kupakwa. Fundi mwaminifu hapotezi kitu kwa sharti hilo, na bei atakayoitaja baada ya hapo inastahili kuitwa bei.